Rafu zimejaa, lakini kitabu ninachokitaka hakimo

SWALI

Kwako Mshauri,

Salamu kutoka Mbale, Uganda. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Tangu mtaala wa 2020 ulipolifanya somo letu kuwa la lazima S1 na S2, yaani miaka miwili ya kwanza ya sekondari, vitabu vya kiada vimeongezeka madukani, na kwa hilo sina malalamiko. Ninavyovikosa ni vitabu vya kumnoa mwalimu mwenyewe: mashairi ya kale, hasa ya Muyaka wa Mombasa, vitabu vya arudhi (kanuni za kutunga mashairi), na maandishi mazito kuhusu lahaja za pwani.

Kila nikifika Kampala hupitia duka moja kubwa la vitabu lenye matawi. Kiswahili wamekipanga pembeni, kati ya vitabu vya kujifunza Kifaransa na kamusi ndogo za watalii. Kijana wa mauzo huandika "Muyaka" kwenye kompyuta, husema hakipo, kisha huniuliza kama ni kitabu cha mtihani. Safari moja kompyuta ilionyesha nakala moja ya kitabu cha arudhi iko tawi lingine. Nikaenda, tukapekua rafu pamoja na wahudumu, hatukuiona. Mwishowe niliambiwa niagize. Nikalipa arubuni, nusu ya bei waliyoikisia, wakaandika jina la kitabu katika daftari. Muhula mzima umekwisha, na nikipiga simu jibu ni "bado tunafuatilia".

Mtandaoni nimeona chapa mpya ya kitabu cha zamani cha Kiswahili kwa bei nafuu, ila jalada lina picha ya maua tu na hakuna jina la mchapishaji ninayemjua. Ninunue? Arubuni yangu nifanyeje? Na kwa nini duka lenye matawi yote hayo lishindwe kuweka hata nakala moja?

Mwalimu, Mbale

JIBU

Mwalimu, pole sana. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa ukilielewa hilo, mengine yote yatakuwa mepesi.

Duka lenye matawi hununua kupitia mtu mmoja au wawili walioko makao makuu. Wao hawaulizi "kitabu hiki ni kizuri?" Huuliza kitauzwa nakala ngapi katika kila tawi kabla bili ya mchapishaji haijaiva. Vitabu vya kiada, Biblia, riwaya zinazovuma na vitabu vya kutafuta mafanikio vinapita mtihani huo. Muyaka hapiti. Tena mchapishaji humpunguzia muuzaji bei kulingana na aina ya kitabu: vya shule na vya soko la jumla hupata punguzo nono, mara nyingi kati ya asilimia 25 na 40, ilhali vya kitaaluma hupata kidogo, na pengine visivyouzwa havirudishwi. Kuleta nakala moja kutoka Nairobi au Dar es Salaam kunataka makaratasi na ufuatiliaji uleule wa kuleta katoni nzima. Meneja wa tawi hata kama anapenda ushairi, hana mamlaka ya kukiweka.

Kuna na kalenda. Kuanzia Januari hadi wiki za kwanza za muhula wa Februari, kila mfanyakazi wa duka la vitabu nchini anashughulika na orodha za wazazi. Agizo la kitabu kimoja adimu likiingia wakati huo huzama. Peleka lako Juni au Julai, katikati ya wiki, asubuhi, na uombe kuonana na mhusika wa maagizo badala ya kijana aliye kwenye kaunta.

Ile nakala moja ya kwenye kompyuta si lazima iwe mtu alikudanganya. Mashine hupunguza hesabu kitabu kinapouzwa tu. Kikiibwa, kikiloa, au kikirudishwa rafu isiyo yake, hesabu hubaki 1 hadi siku ya kuhesabu mali. Kabla hujapanda boda kwenda tawi lingine, mwombe mhudumu akuangalizie mambo mawili: kitabu kilipokelewa lini, na mara ya mwisho kimeuzwa lini. Kama kilipokelewa miaka mitatu nyuma na tangu hapo hakuna lililotokea, mwambie apige simu, mtu wa tawi lile akishike mkononi na kukiweka kaunta kwa jina lako. Asipokishika, usiende.

Sasa tuje kwenye kutafuta kwenyewe. Kitabu cha aina yako kitafute kwa jina la mchapishaji wake. Duka kubwa lina kazi moja tu hapo, kuwa dirisha la kuagizia, na dirisha hilo hufanya kazi vizuri ukilifikia na karatasi iliyokamilika. Karatasi hiyo iwe na jina la kitabu kama lilivyo kwenye ukurasa wa jina (la jaladani mara nyingi hufupishwa), mwandishi na mhariri, mchapishaji na mji, mwaka na toleo, na ISBN, ile namba ya utambulisho ya kitabu. "Waliandika jina la kitabu katika daftari" ndiyo sentensi iliyonitia wasiwasi kuliko zote katika barua yako. Agizo lenye jina pekee kwa kawaida haliondoki dukani, maana msambazaji anapoandikiwa "kitabu cha arudhi" hana pa kuanzia.

ISBN ina siri zake. Hadi mwisho wa 2006 ilikuwa na tarakimu 10. Tangu Januari 2007 zina 13. Vitabu vyetu vingi vya miaka ya 80 na 90 vina namba fupi, na kompyuta ya duka ikikataa namba fupi mhudumu husema kitabu hakipo duniani. Ibadilishe mwenyewe. Chukua namba ya mfano 9970-02-123-0. Futa tarakimu ya mwisho, tanguliza 978, upate 978997002123. Zidisha tarakimu hizo kwa 1 na 3 kwa kupokezana: 9, 21, 8, 27, 9, 21, 0, 0, 2, 3, 2, 9. Jumla ni 111. Kinachokosekana kufikia kumi kamili inayofuata, 120, ni 9, na hiyo ndiyo tarakimu ya mwisho: 9789970021239. Iandike bila vistari, kwa sababu mashine nyingi za mauzo hazivitambui.

Namba hiyohiyo hukuelekeza nchi. 9970 ni Uganda (na kwa vitabu vipya zaidi 9913), 9966 ni Kenya, 9976 na 9987 ni Tanzania. Tahadhari tu na makampuni yenye asili ya Uingereza: kitabu cha Kiswahili kilichotolewa Nairobi na Oxford University Press huanza na 0-19, na wengi hukimbilia kukitafuta London wakati kiko Nairobi. Kitabu cha kabla ya miaka ya 70 usikitafutie ISBN kabisa. Hakina.

Pigo linalofuata ni la wachapishaji waliokufa au kubadili jina, na katika Kiswahili hili ni kubwa. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa 1948 na kutumia pia jina la Eagle Press, ilikwenda na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilipovunjika 1977. Kazi yake upande wa Kenya ilirithiwa na Kenya Literature Bureau. Heinemann ya Nairobi imekuwa East African Educational Publishers tangu 1992. TUKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiyo TATAKI tangu 2009. Ukiagiza kwa jina la zamani, msambazaji atajibu "hatuna mchapishaji huyo" na kufunga faili. Andika yote mawili: la kwenye kitabu na la mrithi. Kitabu maarufu cha arudhi cha Kaluta Amri Abedi, kwa mfano, kilitolewa 1954 na hiyo Literature Bureau. Kama ndicho ulichokiagiza kwa jina la mchapishaji wa awali, nadhani umeshaelewa kilichotokea.

Kuhusu Muyaka, una njia mbili, na ni vitabu viwili tofauti. Kuna diwani iliyohaririwa na W. Hichens, iliyotolewa Johannesburg na chapa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand mwaka 1940. Hiyo haipo katika biashara ya kawaida: ni ya maktaba na ya wauzaji wa vitabu vya zamani. Kuna pia kazi ya Mohamed H. Abdulaziz, iliyotolewa na Kenya Literature Bureau mwaka 1979, yenye mashairi, tafsiri na maelezo marefu ya Mombasa ya karne ya 19. Jina la kitabu hicho linaanza na "Muyaka", lakini lililobaki ni Kiingereza. Kwa hiyo madukani na katika maktaba kadhaa utakikuta kwenye historia au fasihi ya Kiafrika ya Kiingereza, na katika rafu ya Kiswahili hutakiona hata ukeshe. Kwa mwalimu wa darasani, anza na Abdulaziz. Hichens uje baadaye, kwa kulinganisha beti.

Kabla ya kununua chochote, kisome au angalau kishike. Hapa watu wengi huisahau Makerere. Ile Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1930 na baadaye kuwa chuo cha uchunguzi kule Dar es Salaam, ilikuwa na makao yake Makerere kuanzia 1952 hadi 1962. Miaka kumi hiyo jarida lake lilikuwa likiendeshwa kutoka Kampala. Kwa yeyote anayetafuta lahaja na ushairi wa kale, matoleo ya jarida hilo yana thamani kuliko vitabu vingi vya baadaye, na Makerere ndipo mahali pa kwanza pa kuyaulizia nchini. Tena Maktaba Kuu ya Makerere ni maktaba ya amana kwa sheria ya 1958: kila kinachochapwa Uganda kinapaswa kuwekwa nakala pale. Maktaba ya Taifa nayo ilipewa jukumu kama hilo kwa sheria ya 2003.

Ukienda, beba barua ya utambulisho kutoka shuleni na kitambulisho cha taifa, na upige simu mapema kuulizia ada ya msomaji wa nje. Uliza sehemu ya Africana, yaani ya vitabu kuhusu Afrika. Vitabu vya huko husomwa hapohapo, hivyo fika asubuhi, si saa kumi jioni. Katika maktaba zinazopanga vitabu kwa namba za mfumo wa Dewey, lugha ya Kiswahili ni 496.392 na fasihi yake 896.392, zinazofuata mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani huweka vyote kati ya PL8701 na PL8704. Ukifika kwenye rafu, tazama na vitabu vya jirani. Hapo ndipo hugundua vile ambavyo hukujua vipo, kitu ambacho kompyuta ya duka haiwezi kukupa. Kitabu kikikupendeza, piga picha ukurasa wa jina na mgongo wa ukurasa huo, wenye haki na mwaka. Picha hizo mbili ndizo karatasi yako ya kuagizia.

Kwenye katalogi za mtandaoni, ikiwemo WorldCat inayounganisha maktaba za nchi nyingi, tafuta kwa tahajia zaidi ya moja. Wajerumani wa karne ya 19 waliandika Suahili, na kamusi ya Krapf ya 1882 imeorodheshwa hivyo. Andika utenzi na utendi, mashairi na ushairi, habari na khabari. Ukikwama kwenye Muyaka, fahamu kwamba karatasi za Hichens na za W. E. Taylor, aliyeyakusanya mashairi yale Mombasa, zimehifadhiwa SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika kilichoko London, na baadhi ya hati zao za Kiswahili zimewekwa mtandaoni bure.

Kununua: wewe uko Mbale, Mwalimu. Malaba iko karibu nawe kuliko Kampala kwa mbali, na ng'ambo ya mpaka kuna Bungoma, kisha Eldoret, miji yenye maduka yanayohudumia shule ambazo zimesomesha fasihi ya Kiswahili kwa miongo mingi. Diwani na vitabu vya arudhi ambavyo Kampala ni miujiza, kule ni vitabu vya kawaida vya mwalimu. Kwa visivyopatikana Bungoma, mwandikie mchapishaji wa Nairobi moja kwa moja, umtajie ISBN, uulize mambo matatu tu: kipo stoo, bei yake, na kama wanaweza kukipeleka ofisi ya vifurushi ya basi linalopita Malaba. Waambie kifungwe kwanza kwa nailoni, kisha kadibodi ngumu pande zote mbili, kwa maana kwenye buti la basi pembe za jalada huvunjika na mvua huingia. Lipa kwa pesa za simu baada ya kupokea picha ya kitabu chenyewe na risiti.

Na usiagize peke yako. Walimu watano wa Mbale, Tororo na Soroti wakitaka kitabu kimoja, hilo ni agizo la nakala tano, na hata lile duka kubwa litalisikiliza kwa sikio lingine.

Kwa kitabu cha mtumba, omba picha sita: jalada, mgongo, ukurasa wa jina, nyuma yake, yaliyomo, na ukurasa wa mwisho. Mgongo ndio unaonidhuru moyo zaidi. Gundi ya vitabu vya jalada laini vya miaka ya 60 na 70 hukauka na kuwa kama biskuti. Ukikifungua sawasawa mara ya kwanza, kurasa hutoka mkononi. Hesabu kurasa ukilinganisha na katalogi. Madoa ya maji yasikutishe, lakini vijia vya mchwa pembeni mwa karatasi vimaanishe bei ishuke au uondoke. Kikitoka ng'ambo kwa posta, furushi dogo la kimataifa mwisho wake ni kilo 2 na la vitabu kilo 5, hivyo muuzaji akikudai gharama za kampuni ya usafirishaji wa haraka kwa kitabu cha gramu 400, mwambie atume kwa posta ya kawaida hadi sanduku la shule.

Ile chapa ya maua, usinunue kwanza. Kuna makampuni yanayochukua picha za vitabu ambavyo haki yake imekwisha na kuvichapa kimoja kimoja mteja anapolipa. Vingine ni vizuri. Vingi vina kurasa zilizokatwa ukingoni, majedwali ya kukunja yaliyoachwa, na sehemu za herufi za Kiarabu zilizorukwa. Vibaya zaidi ni vile ambavyo kompyuta imesoma picha na kuzigeuza maandishi upya, maana haijui Kiswahili: ng' hupoteza kibainishi, n hugeuka u, na mizani inavurugika, jambo ambalo mwalimu wa ushairi hawezi kulivumilia. Uliza kama ni picha ya kurasa asilia au maandishi yaliyopigwa upya, na kina kurasa ngapi. Kisha angalia Internet Archive, maktaba ya mtandaoni. Vitabu vya umri wa Krapf mara nyingi viko pale bure, na huna sababu ya kulipia maua.

Naomba pia jambo moja kwa moyo. Wandegeya, mkabala na Makerere, utanakiliwa kitabu kizima chini ya saa moja. Kwa kurasa chache za kitabu kilichoisha sokoni, maktaba yenyewe itakusaidia. Kwa kitabu ambacho mchapishaji wa Nairobi au Dar bado anacho stoo, tafadhali kinunue. Diwani huchapwa kwa idadi ndogo, na mchapishaji akiona nakala mia mbili zimelala miaka mitano hatachapa tena, halafu wote tutarudi kulalamikia rafu.

Arubuni sasa. Rudi na risiti, na barua fupi kwa meneja wa tawi, nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo. Andika tarehe uliyolipa, kiasi, na jina kamili la kitabu pamoja na ISBN uliyoipata. Kisha taka moja kati ya mawili: nakala ya agizo lililotumwa kwa msambazaji, lenye namba na tarehe, au fedha zako ndani ya siku 14. Kama agizo halikutumwa, hawatakuwa na karatasi ya kukuonyesha, na mazungumzo yatakuwa mafupi. Wakikupa vocha badala ya fedha, ikatae, isipokuwa kama shule inahitaji chaki na karatasi na mkuu wako yuko tayari kukulipa wewe taslimu kwa vocha hiyo. Siku nyingine usitoe shilingi kabla hujaandikiwa jina la msambazaji, bei kamili na siku ambazo bei hiyo itasimama hata dola ikipanda, na tarehe ambayo kitabu kisipofika arubuni inarudi.